Ratiba ya Jumamosi, kwa Mghoi

Umeniomba orodha ya kuta, mdogo wangu.
Nimeiandika nyuma ya risiti, kalamu ikikwama,
kati ya mteja wa gundi na mteja wa tapentaini.

Garimoshi litakushusha Syokimau Ijumaa usiku.
Siku hiyo usiihesabu. Lala.

Saa moja asubuhi tuwe kwa simba wa maktaba,
wale wawili wa mawe, barabara ya Banda,
kabla ngazi hazijapata wenyewe.
Vaa gauni jeupe.
Nimesema jeupe, usibishe,
na simu uishike kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto,
maana jiji hili nalo linapenda picha,
hasa zikiwa bado ndani ya simu.

Kisha Jeevanjee. Ni Oktoba, mijakaranda imejimwaga.
Zambarau ile nimeitafuta dukani mara ngapi:
buluu matone manne, nyekundu moja, nyeupe ya kukadiria,
nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi.
Ikatoka rangi ya dawa ya kikohozi.
Lala chini kwenye maua, nitapanda juu ya benchi.
Mhubiri wa pale akitukemea, tuseme amina, tuendelee.

KICC kila mtu hupanda, basi nawe panda.
Juu kule nyoosha kidole kusini mashariki
kama unaionyesha Wundanyi,
ingawa haionekani,
hata mvua ikiosha anga namna gani.
Mbele ya benki usipige kitu.
Askari atakufanya ufute hata picha za arusi ya Mwakio.

Makorongo ya mzunguko wa Nyayo sikuyaandika,
lakini tukipita utayaona juu ya migunga,
sanamu zisizoombewa kibali,
zinazokunya.

Saa nane, Jericho.
Kuna ukuta wa mama anayemsuka mtoto,
mrefu ghorofa tatu, shingo imepinda kwa upendo au kwa uchovu.
Ile buluu ya kanga yake ni yangu.
Niliichanganya mimi, makopo matano,
na kopo la tano Otwori hajalilipa mpaka leo.
Simama chini ya kidole gumba cha mama yule:
hapo ndipo deni lilipo.
Ukikuta wamebandika bango la mikopo ya haraka
juu ya magoti yake, kama nilivyosikia,
tutapiga kuanzia kiunoni.

Sasa la mwisho. Hili nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika.

Nyumbani nilisema nafanya kazi ofisini.
Ofisi ipo, barabara ya Kirinyaga:
stuli moja, kalenda ya mwaka juzi,
na makopo mpaka darini.
Pita kaunta, inama, toka mlango wa nyuma.
Kuna ukuta kichochoroni
ambapo kila fundi hujaribu brashi kabla hajalipa.
Miaka kumi na mmoja, Mghoi.
Kijani cha zahanati juu ya waridi la saluni,
njano ya shule za chekechea,
weusi wa misalaba, nyekundu ya mabucha,
na ile zambarau yangu iliyoshindwa, mara saba.
Hakuna aliyetia sahihi.
Hakuna aliyewahi kuja na kamera.
Unaweza kuingiza ukucha katika unene wake.

Saa kumi na nusu jua hupenya kati ya paa mbili
kwa dakika ishirini, halafu basi.
Simama hapo na weupe wako.
Usicheke. Usiegemee, kuna mahali hapajakauka.

Garimoshi ni saa nne usiku, tutakuwa na muda wa kula.

Na Mama akiishika simu mbali, kisha karibu,
akauliza, hapa ni wapi, mbona pachafu,
usimjibu upesi.
Mwache aikuze kwa vidole viwili
mpaka aone, chini kushoto,
kivuli changu kimeinua mikono,
na kando ya kivuli, ndoo.